Muulize Kama Yote Yamefika

Walimpa mama mmoja mjane dakika tatu, tena wakazigawanya mbele yangu kwa kalamu nyekundu: moja na nusu zake, aseme kwa Kimaasai, na moja na nusu zangu za kutafsiri. Mwenyekiti wa kamati, wakili mwenye ofisi Kitengela na sauti anayoipenda mwenyewe, aliyaandika hayo kwenye programu kisha akanitazama kama mtu aliyenifanyia hisani kubwa. "Na wewe ni mtaalamu," akaniambia. "Akizidisha, utafupisha."

Nimekuwa mkalimani wa mahakama kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna neno la Kiswahili linalonichoma kuliko hilo la kufupisha. Nilikunja programu nikaisukumiza ndani ya mkoba, kwa sababu ningefungua mdomo saa hiyo sherehe ya kumuaga jaji ingekosa mwenyekiti.

Jaji wetu alikuwa anatimiza miaka sabini, umri ambao katiba yenyewe humwambia jaji avue joho aende nyumbani. Alikuja Kajiado mara ya kwanza akiwa hakimu kijana, akahamishwa huku na huku, akarudi akiwa jaji, na mimi ndiye niliyemtafsiria tangu aliporudi. Si mtu wa kupendwa haraka. Kortini hacheki wala hachekeshi. Chai yake hunywa bila maziwa, jambo ambalo Kajiado huhesabiwa kuwa kasoro ya tabia. Mwaka mmoja mzee fulani aliyeshinda kesi alimletea mbuzi wa shukrani, akamfunga kwenye gari la jaji pale uani. Jaji alitoka akamwona mbuzi, mbuzi naye akamwona. Aliita askari wawili wamsindikize mbuzi mpaka kwa mwenyewe, kilomita kadhaa kwa miguu, na wakirudi waje na alama ya kidole cha mzee kwamba amempokea akiwa hai. Askari hao mpaka leo hawapendi kuulizwa habari ile.

Huyo ndiye waliyetaka kumuaga kwa maneno laini, Kitengela, kwenye bustani ya hoteli. Amefanya kazi Kajiado, anaagwa Kitengela, kwa sababu mawakili hawakutaka kuendesha magari mbali zaidi ya hapo. Nilisema hivyo kwenye kikao cha kamati na wote wakacheka, wakidhani ni mzaha.

Orodha ya wasemaji ilikuwa imejaa: mawakili wawili, mtu wa kaunti, mchungaji, mwanafunzi mwenzake wa chuo, ndugu yake. Nikauliza, "Na watu?"

"Watu gani?" mwenyekiti akaniuliza.

Aliuliza kwa dhati kabisa, na hapo ndipo damu ilinichemka. Maelfu ya watu wamesimama mbele ya yule mama jaji wakiwa wameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, na huyu bwana anauliza watu gani. Nikamwambia kuna mama mmoja mzee kutoka nje ya mji wa Kajiado, mjane, ambaye kesi yake iliamuliwa na jaji, na anataka kusema. Tulibishana karibu saa nzima. Alisema hiyo ni sherehe ya heshima, si kesi. Nikamwambia heshima ya jaji ilipatikana kwenye kesi, haikupatikana kwenye bustani. Mwishowe akachoka, akachukua ile kalamu nyekundu.

Sasa niseme ukweli, maana bila huo sina haja ya kuandika haya. Nilikuwa nimeingia kwenye kile kikao nikiwa nimeamua kutomtaja yule mama hata kidogo. Wema haukunifungua mdomo. Kilichonifungua mdomo ni hasira.

Wiki mbili kabla ya hapo askari wa langoni alinipigia simu. "Kuna mama mzee hapa," akasema, "ako na maneno na jaji na hataki kwenda. Kuja umsikie, mimi sishiki hata moja." Nilimtambua nikiwa bado kwenye baraza. Alikuwa amepungua mwili, ameshika fimbo, lakini kichwa kilikuwa juu vilevile.

"Yeyo, takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai, kama mtu anavyomsalimu mama yake.

"Iko," akaitikia. Hakuniuliza habari za watoto wala za mvua. "Nimesikia anaenda nyumbani. Niko na maneno, na nataka kuyasema mbele ya watu."

"Maneno gani?"

"Wewe unayajua."

Nilimwambia nitajaribu. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimeshaamua kutojaribu.

Watu huniuliza Mkikuyu kama mimi alijifunza wapi Kimaasai. Nilizaliwa Embulbul, na baba akahamia Kiserian kufungua bucha karibu na soko la mifugo. Siku za soko alinituma nisimame kati ya wauzaji nisikilize bei halisi wanayotajiana wao kwa wao, kisha nirudi kumnong'oneza. Lugha niliipata hivyo, kwa kuwasikiliza watu wasiojua kwamba nasikia. Baba alinifundisha jambo moja zaidi: niende moja kwa moja kwenye lile analolitaka. "Usiniletee hadithi yote," alikuwa akisema, "niletee bei." Nilifika mahakamani nikiwa na tabia hiyo, na kwa miaka ya kwanza iliniletea sifa. Mashahidi wetu huzunguka. Humuulizi Mmaasai mzee siku fulani alikuwa wapi akakujibu kwa neno moja. Atakuletea ukoo, mvua na njia aliyopita. Mawakili walinipenda kwa sababu nilikuwa nawakatia njia.

Kesi ya yule mama ilikuja siku ya Ijumaa. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Noonkopir, kwenye ploti yenye mfereji mmoja, na maji yalikuwa yakifunguliwa Ijumaa jioni tu. Usipokuwepo na mitungi yako kwenye foleni, unangoja wiki nzima au unanunua ya mkokoteni. Nilikuwa na watoto wawili na sare zao, na saa ya ukutani kortini ilikuwa mbele yangu kabisa.

Mumewe alikuwa amekufa. Mtu kutoka Nairobi alikuja na karatasi kwamba mzee alimuuzia shamba, na kwamba aliweka kidole gumba hapo nyumbani kwake, siku fulani, mbele ya mashahidi wawili. Alitaka mjane ahame. Mjane hakuwa na wakili. Jaji alimuuliza, kupitia kwangu, anasema nini kuhusu siku hiyo.

Akaanza na ng'ombe. Ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe karibu na kiwele, aliyekuwa amezaa mara mbili bila shida, na mara hii ndama amekaa vibaya tumboni. Akaeleza alivyomwita mke mwenzake na kukumbuka kwamba ameenda kuteka maji. Akaeleza kamba aliyoitumia, na mti. Niliacha kumsikiliza hapo kwenye kamba. Masikio yalikuwa wazi lakini mimi nilikuwa nimeshafika Noonkopir, naburura mitungi. Aliendelea kwa muda mrefu sana, kisha akanyamaza, na jaji akainua kalamu akanitazama.

"Anasema hakukubali shamba liuzwe," nikasema.

Maneno manne. Jaji akayaandika. Kesi ikaahirishwa, na jioni ile nilipata maji mitungi sita.

Jaji wetu alikuwa na desturi ya kwenda kuona shamba linalogombewa kabla ya kuandika uamuzi. Mwezi uliofuata tulienda, jaji, mimi, wakili wa mnunuzi na viatu vyake vya kung'aa, mnunuzi mwenyewe, na ndugu za marehemu waliokuja kutazama. Tulizunguka mipaka mpaka tukafika kwenye silanga ambalo yule mama na mke mwenzake walilichimba kwa majembe, bwawa wanaponyweshea mifugo. Palikuwa na fahali mmoja mwekundu, mwenye doa jeupe tumboni, amesimama majini. Mama akamwendea akamshika nundu, akaongea.

Safari hii nilimsikiliza. Kule uwandani hakuna saa ya ukutani.

"Huyu ndiye aliyezaliwa siku ya ile karatasi," akasema. "Yule bwana pale alinikuta mkono wangu ukiwa ndani ya mama ya huyu mpaka kiwiko. Akaniuliza mzee yuko wapi. Nikamwambia mzee amelazwa hospitali, hii ni wiki ya pili. Akarudi kwa gari lake. Sasa nani aliweka kidole hapa nyumbani siku hiyo?"

Nilitafsiri yote, na huku natafsiri nikaanza kukumbuka. Ng'ombe, kamba, mti, na mbele kidogo, mahali ambapo mimi nilikuwa nimeshaondoka, hospitali. Ndama ndiye aliyekuwa tarehe yake. Mimi nilimtupa ndama, na hospitali ikaenda naye.

Jaji aliyaandika. Kisha akasema, "Mbona hakuyasema haya mahakamani?"

Nikamuuliza. Mama alinitazama kwa mshangao. Hakuwa na hasira, alishangaa tu. "Niliyasema," akanijibu. "Nilikuambia wewe."

Wote walikuwa wananingoja. Wakili na viatu vyake, ndugu za marehemu wamejipanga kando ya silanga, jaji na daftari lake. Ningesema, "Anasema aliyasema." Maneno mawili tu, na ningekuwa nimefanya kazi yangu.

"Anasema alisahau," nikasema.

Sina cha kujitetea. Niliogopa. Yule mama alikuwa na Kiswahili kidogo cha sokoni, na neno hilo alilijua. Akatikisa kichwa. "Mimi hapana sahau," akamwambia jaji mwenyewe. "Hapana sahau." Jaji alimtazama yeye, akanitazama mimi, akafunga daftari. Akasema tumemaliza kwa siku hiyo.

Jumatatu aliniita ofisini kwake kabla ya saa tatu. Nilikuwa nimetayarisha uongo wa kila aina, kuhusu lahaja, kuhusu kelele za feni. Hakuniuliza chochote. Alisema, "Ukichoka, niambie umechoka, nitaahirisha. Lakini usiniamulie kesi." Kisha akavaa joho.

Aliagiza yule mama aitwe tena kizimbani. Wakili wa mnunuzi akasimama kupinga, na aliposhindwa akaomba angalau kuwe na mkalimani mwingine. Nilidhani hapo ndipo nitakapovuliwa nguo. Jaji alisoma kwa sauti huku anaandika: kwamba siku ya ushahidi mahakama ilikuwa na haraka, kwamba kosa ni la mahakama, na kwamba shahidi asidhurike kwa sababu hiyo. "Na mkalimani ni huyu huyu," akaongeza. Alijitwika yeye kosa langu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikamwachia alibebe.

Siku ile nilitafsiri sentensi kwa sentensi mpaka alasiri. Niliwapa kamba, nikawapa mti, nikawapa ng'ombe mzima. Mwishoni jaji akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kabla ya siku hiyo: "Muulize kama yote yamefika." Nikamuuliza. Mama akasema yamefika. Kadi ya hospitali ikatafutwa, ikapatikana, na siku zake zikalingana na maneno yake. Mjane alibaki kwenye shamba lake, na yuko hapo mpaka leo.

Tangu hapo hakuna shahidi aliyetoka kizimbani kwa jaji yule bila kuulizwa hivyo. Mwizi wa kuku aliulizwa, na mwenye ekari elfu akaulizwa. Mawakili waliudhika. Walimtungia jina, Jaji Yote-Yamefika, wakalitumia kwenye korido wakidhani hasikii. Walilalamika kwa wakubwa kwamba kesi zinachelewa. Barua zikaja. Alizifungua, akazisoma mbele yangu, akazitia kwenye droo, kisha akaingia kortini akaendelea kuuliza. Hilo ndilo nililotaka lisemwe kwenye ile bustani. Kwenye hotuba zilizopitishwa na kamati alikuwa nguzo, alikuwa mwanga, alikuwa kila kitu isipokuwa mwanamke mkaidi aliyewangoja watu wamalize kusema.

Na mimi je? Mimi nilipata jina zuri kwa desturi ile. Vijana wanaoanza ukalimani huletwa kwangu. Huambiwa, huyu mama haachi kitu, huyu hata kikohozi cha shahidi atakitafsiri. Nami huwafundisha kwamba mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya shahidi: shahidi akisema nimeiba, wewe sema nimeiba, usiseme anasema ameiba. Wote walinisifu, na hakuna aliyejua somo lenyewe nilijifunza kwa gharama ya nani. Mwaka ujao nami nastaafu. Nilitaka niondoke na jina hilo likiwa zima.

Siku ya sherehe yule mama alifika Kitengela kabla ya wapanga viti. Hakuja peke yake. Alikuja na mzee mrefu mwenye koti zito la kijivu, shemeji yake, wa mwisho aliyebaki kati ya ndugu za marehemu. Nilidhani amemleta amsindikize tu. Niliwaketisha safu ya pili, kwenye viti nilivyowaandikia majina kwa mkono wangu mwenyewe. Nilienda kutafuta maji ya kunywa, niliporudi nikawakuta nyuma kabisa, karibu na masufuria, kwenye viti vya plastiki. Msichana mwenye beji aliniambia safu ya pili ni ya wageni.

"Na hawa ni nini?" nikamuuliza.

"Madam, mimi nimeambiwa tu."

"Basi sasa umeambiwa tena." Nikawarudisha mbele, mmoja kila mkono, tukipita katikati ya watu. Bwana mmoja aliyekuwa amekalia kiti cha mzee nilimsimamia mpaka akakumbuka ana simu ya kupiga.

Hotuba zilianza kwa kuchelewa na zikaenda zilivyotaka. Wakili wa kwanza, aliyepewa dakika tano, alianzia historia ya sheria tangu enzi za ukoloni, na hakuna aliyemwambia afupishe. Wa pili alijieleza mwenyewe. Mchungaji aliomba kwa ajili ya nchi, kaunti, barabara na wapishi. Jaji aliketi mbele na gauni la kitenge ambalo halikumzoea, mikono mapajani, akiwasikiliza wote kwa uso uleule aliowasikilizia wezi wa kuku. Yule mama hakusinzia hata mara moja. Mzee mwenye koti alisinzia.

Jua lilipoanza kuinama MC alikuja akainama sikioni pangu. Kijana mwenye suti ya kubana, mwenye adabu zake. "Madam, si turuke tu huyu mathe? Wageni wako na njaa, na yule mgeni wa kaunti ako na mkutano mwingine."

Nikiri kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha. Hii hapa njia, na wala si mimi niliyeifungua. Ningemwambia mama muda umekwisha, kamati imekataa, umeona mwenyewe nilivyopigana. Nikamgeukia. Alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameuweka sawa ushanga shingoni na kumwamsha shemeji yake kwa fimbo, na sasa alikuwa ananitazama mimi tu, akingoja nimwambie ni wakati.

"Leta hiyo maiki," nikamwambia MC.

"Madam—"

"Leta."

Tukasimama mbele, yeye na fimbo yake, mimi na maiki. Akaanza. Bila shaka alianza na ng'ombe. Watu wakacheka kidogo nilipotafsiri doa jeupe, na mtu akapiga makofi tulipofika kwenye kamba, kana kwamba ni kichekesho kilichoandaliwa. Dakika zetu tatu zilikwisha ng'ombe akiwa bado hajafungwa. Mwenyekiti alianza kuzungusha kidole hewani akinionyesha nikunje maneno. Niligeuza macho pembeni. Ndipo yule wa vyombo vya muziki akafungulia wimbo taratibu, kama wafanyavyo sherehe zetu wakitaka kumwondoa msemaji bila kumwambia.

Mama akanyamaza. Hakujua huo muziki una maana gani. Alidhani kuna jambo linaanza. Jaji akainua mkono wa kulia, kidogo tu, kiasi kile alichokuwa akiuinua kortini mtu akizungumza bila ruhusa. Muziki ukakatika.

"Endelea, mama," akasema.

Akaendelea, na mimi nikaendelea naye. "Watu walionihurumia walikuwa wengi," nikasema kwa ajili yake. "Waliniletea sukari, wakaniambia nihame kwa amani. Huyu jaji hakunihurumia. Huyu aliniuliza, kisha akangoja." Jaji aliinamisha macho. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo mama aishie hapo, maana hapo palikuwa pazuri sana.

Hakuishia. Alinigeukia, akasema bila kupandisha sauti, na kila sentensi aliyoitoa alinyamaza aningoje. Mawakili kutoka Nairobi hawakuelewa hata neno. Kule nyuma kwenye viti vya plastiki, makarani na askari wetu wanaojua Kimaasai walikuwa wameinua vichwa. Ningeweza kusema anamtakia jaji maisha marefu. Hata mwenyekiti angenishukuru.

"Huyu anayewaambia maneno yangu," nikasema kwenye maiki, "ndiye aliyeyala maneno yangu."

Nikangoja sentensi inayofuata.

"Kortini nilisema ng'ombe, nikasema hospitali. Yeye akatoa maneno manne. Jaji alipokuja kwa shamba akaniuliza mbona sikusema, nilimwambia huyu kwamba nilisema. Yeye akamwambia jaji nilisahau."

"Ndugu za mume wangu walikuwa wamesimama hapo kando ya silanga. Kiswahili wanasikia. Hawakuja kortini tena, hawakusikia yale ya baadaye. Walichukua hilo moja wakaenda nalo nyumbani. Miaka hii yote mimi ni mke aliyesahau ugonjwa wa mume wake. Nililala sakafuni hospitali ile siku tisa, nikarudi nyumbani kwa sababu ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa, na mimi ndiye mke aliyesahau. Ndugu wengine wamekufa wakijua hivyo. Amebaki mmoja. Nimemleta. Alilisikia kwa Kiswahili kutoka mdomo huu, na nimetaka asikie kwa Kiswahili, kutoka mdomo huu huu."

Hilo sikulijua. Naapa sikulijua. Miaka yote nilidhani jaji alisharekebisha, shamba lilibaki, kadi ilipatikana, kilichobaki ni aibu yangu mwenyewe niliyoificha vizuri. Haikunijia hata siku moja kwamba neno langu lilikuwa limerudi naye nyumbani, likakaa naye, likala naye. Nilitafsiri huku machozi yananitoka na sikuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na maiki na mwingine alikuwa ameushika yeye. Yule mzee mwenye koti alikuwa macho kabisa.

Mwenyekiti akasimama. Alisema, kwa sauti ya kuokoa jahazi, kwamba tunamshukuru mama kwa maneno yake mazito na sasa tuelekee kwenye chakula. Hakuna aliyesogea, maana jaji alikuwa bado ameketi, na alikuwa ananitazama mimi.

"Muulize kama yote yamefika," akasema.

Nikamuuliza. Mama alimtazama kwanza shemeji yake, kwa muda. Mzee alishusha kichwa mara moja, akakiinua. Kisha mama akaninyooshea fimbo kifuani, akanijibu, na nikalitafsiri hilo pia kama lilivyokuja.

"Yangu yamefika. Ya huyu bado."

MC alinyoosha mkono apokee maiki. Sikumpa. Nilimgeukia yule mzee, nikasema "mimi," na safari hii haikuwa kwa niaba ya mtu. Nikaanza na ile Ijumaa, saa ya ukutani na mitungi yangu ya Noonkopir, kwa Kiswahili chepesi anachokisikia, na sikufupisha.